Mabukwe Ndani ya Chumba cha Giza

Vijana wangu, juzi mlikuja kwangu mmebeba mashine ya kukuza picha iliyoachwa na Mzungu mmoja aliyehama mtaa wa Kinindo. Mliiweka mezani kwa heshima zote, mkaipangusa vumbi, kisha mkaniuliza: mzee, taa nyekundu tununue ya namna gani? Swali si baya, ila si la kwanza. Mtu akitaka kutengeneza chumba cha giza nyumbani kwake, swali la kwanza ni hili: mama mkwe wako anaishi wapi, na je, huwa anapiga hodi?

Mlicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu chumba changu cha giza kilibaki kidogo tu kinipokonye mke. Nimeona niwaandikie habari hiyo, maana nikiongea mnatazama simu. Najua na haya mtayasoma humohumo kwenye simu, lakini angalau yatawafikia.

Nilikuwa fundi wa picha hapa Buyenzi, Bujumbura, tangu ujana wangu hadi simu zenu ziliponistaafisha. Nimepiga arusi, tohara, timu za mpira, picha za vitambulisho za watu waliokataa kufumba mdomo, na marehemu mmoja ambaye familia yake ilitaka aonekane anatabasamu. Kazi nilifundishwa na mzee mmoja wa Uvira, Kongo, aliyekuwa na studio mjini. Sote tulimwita Patron, yaani bosi, hata mke wake. Patron alikuwa na mikono minene ambayo ungesema ni ya mchinjaji, lakini akishika filamu hukusikia hata mlio.

Kitu kigumu kuliko vyote mwanzoni ni kuingiza filamu kwenye gurudumu lake la plastiki kabla ya kuitia kwenye kopo la dawa. Mnaifanya kazi hiyo gizani kabisa, bila taa nyekundu wala ya rangi yoyote, kwa vidole tu. Taa nyekundu ni ya karatasi. Filamu ikiona mwanga wowote imekufa, na arusi ya watu imekufa nayo. Nilipokuwa mwanafunzi nilikuwa naisukuma filamu kwa nguvu, inakunjika, inakwama, natukana. Patron akanisikia toka nje ya mlango.

“We unamulazimisha,” akaniambia. “Filamu ni bibi arusi, iko na haya. Umubembeleze kwa mudomo, aingie mwenyewe.”

Nilidhani ni utani wa wazee. Kumbe ukibembeleza kwa mdomo, mikono nayo inatulia, na pumzi inashuka. Nikaizoea desturi hiyo. Kila nikiingiza filamu, naisemesha: njoo mpenzi, ingia polepole, usione haya, hakuna mtu. Nimefanya hivyo maisha yangu yote, na sijawahi kuikunja filamu tena. Ila shikeni hayo maneno akilini, kwa sababu ndiyo yaliyoniponza.

Nilipooa Mwajuma niliamua niwe na chumba changu mwenyewe. Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na stoo ya makaa, ukuta wa matofali ya udongo, juu bati. Niliifagia mpaka nikakohoa vumbi jeusi. Kisha nikaanza kuziba. Ufa wa ukuta niliziba kwa udongo, matundu ya misumari kwenye bati niliyaziba kwa lami niliyopewa gereji ya jirani. Mlango ulikuwa na nafasi pande zote, paka angepita. Hapo nikakata vipande vya mpira wa ndani wa tairi, ule mafundi wa magari wanaouita shambreri, nikavigongomea kuzunguka fremu yote. Mafundi walipojua kwamba ninachotengeneza kwa Kifaransa kinaitwa shambre nuare, walicheka wiki nzima: shambre nuare iliyozibwa kwa shambreri. Mpaka leo mmoja wao akiniona hunisalimia hivyo.

Buyenzi, mtaa wa gereji, haijakosa vyuma. Mashine yangu ya kukuza picha haikutoka Ulaya kama hii yenu. Nguzo ilikuwa bomba la shokabsoba ya lori, kichwa kilikuwa kikopo cha taa ya mbele, na lenzi ilikuwa ya kamera iliyoanguka ziwani ikapona nusu. Fundi aliyeiunganisha aliniuliza kama hiyo mashine inatumia dizeli au petroli. Taa nyekundu niliifanya kwa taa ya nyuma ya gari, nikaiunga na betri, kwa hiyo umeme ulipokatika mtaa mzima mimi niliendelea na kazi. Nyinyi mnataka kununua balbu dukani. Nunueni, lakini muijaribu: wekeni sarafu juu ya karatasi ya picha chini ya taa hiyo, mnywe chai, mrudi, muitie karatasi dawani. Mkiona duara la sarafu, taa yenu ni mwongo.

Na mabeseni. Nilinunua matatu, nikajiona mjanja: jekundu la dawa ya kwanza, ile inayoamsha picha, jeupe la dawa ya kukaza, na la manjano la maji. Mpango mzuri sana mchana. Nikawasha taa nyekundu, na mabeseni yote yakawa rangi moja. Siku hiyo nilitia karatasi nzuri kwenye dawa ya kukaza kwanza, nikasimama nikisubiri sura ya sheikh mmoja ijitokeze. Ilibaki nyeupe. Nikaongeza muda. Ikazidi kuwa nyeupe. Baada ya hapo nilikata mdomo wa kila beseni kwa kisu, alama moja, mbili, tatu, nikawa nasoma kwa kidole gumba. Fanyeni hivyo, na msimruhusu mtu yeyote wa jikoni kuyaazima. Dawa ile si ya kuloweka mboga za lengalenga.

Halafu joto, ambalo vitabu vya Wazungu havilijui. Dawa inataka kuwa ya baridi kiasi, na maji ya Bujumbura yanatoka bombani yakiwa tayari kuogea. Nilikwenda kwa wauza samaki wanaoleta mzigo kutoka Ruziba, kando ya ziwa, nikapata mabonge ya barafu, nikayatupa ndani ya dawa. Yaliyeyuka, dawa ikawa maji maji, picha zikatoka zimepauka, tena zina harufu ya samaki wa mukeke. Nilikuwa na mteja mmoja wa Kinindo aliyenusa picha ya mke wake, akamtazama mke wake, akainusa tena. Barafu inawekwa kwenye karai nje ya chupa ya dawa, siyo ndani. Hilo hamtalisahau.

Joto hilohilo lilinifanya nifanye jambo lingine. Chumba kilichozibwa kila tundu, chini ya bati, jua la saa saba, hakina hewa. Jasho likidondokea karatasi linaacha doa, likifika kwenye gurudumu la filamu, filamu inanata haisogei tena. Kwa hiyo nikiingia nafunga komeo, navua shati, navua suruali, natundika kwenye msumari pembeni mwa mlango, nabaki na kaputura ya ndani. Patron alifanya hivyo. Kila fundi wa mji huu aliyekuwa na chumba chini ya bati alifanya hivyo, akikataa anadanganya.

Sasa jiwekeni kwenye viatu vya jirani yangu Mama Swedi, ambaye ukuta wake na wangu ulikuwa mmoja. Anaona nini? Anaona wasichana wanaokaribia kuolewa wanakuja nyumbani kuulizia picha. Anaona mwanamume anaingia kwenye stoo, anafunga kwa ndani. Siku mlango ukifunguliwa anaona taa nyekundu. Kisha mwanamume anatoka amelowa jasho, anafunga vifungo vya shati. Nisingemlaumu hata kidogo, kama angelikaa na mawazo yake nyumbani kwake. Lakini Mama Swedi aliyapeleka kisimani, yakatoka hapo yakapanda basi, yakafika Rumonge kwa mama mkwe wangu kabla ya Ijumaa.

Huku kwetu tunamwita mabukwe, neno la Kirundi ambalo Waswahili wa Buyenzi tumelizoea. Nyinyi wa leo nawaona mnapiga picha mmekumbatiana na mama mkwe, ametoa na ulimi. Wakati wetu mwanamume hakumtazama mabukwe usoni. Hakukaa naye chumba kimoja mlango ukiwa umefungwa. Hakula mbele yake. Mkikutana njiani unapisha, macho chini. Akiwa na neno na wewe anampa mtu mwingine alipeleke, hata kama uko hapohapo unasikia. Siku moja tulibaki uani mimi, yeye na mbuzi. Alimwambia mbuzi kwamba bomba la maji linavuja. Nikamwambia mbuzi nitalitengeneza.

Na kama mabukwe akikuona umevua nguo, basi, ndoa haina njia. Hapana mshenga wa kupatanisha jambo kama hilo. Anabeba mtoto wake, wanaondoka, na hakuna anayeuliza sababu.

Alifika na begi kubwa tupu. Niliona begi lile nikajua ni la nguo za Mwajuma. Waliketi jikoni, mimi nikiwa uani nasikia kila kitu, ndivyo ilivyokusudiwa. Mwajuma alijitahidi kunitetea. Alisema mimi nasafisha picha tu, maana ndivyo tunavyosema, kusafisha picha, na kwamba kazi hiyo inataka giza.

“Mi nasafisha masahani inje, mu jua, mulango wazi,” mabukwe akasema. “Hiyo picha iko na uchafu gani mupaka isafishiwe mu giza?”

Mwajuma akaeleza mambo ya dawa na mwanga, vibaya, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimemweleza vibaya. Mabukwe akamwacha amalize. Kisha akapandisha sauti ili inifikie vizuri.

“Kama kuko mwanamuke mu kile chumba, kesho tunarudi Rumonge, mi na we. Muambie bwana yako.”

Sikulala vizuri. Nilimpenda Mwajuma, nasema wazi, nilimpenda mpaka nilikuwa namsaidia kupepeta mchele nikijua watu wananiona. Nilitaka kumwonyesha mabukwe chumba changu, lakini nitamwonyeshaje mtu nisiyeweza kumtazama wala kusimama naye ndani? Nikasema nitaongea na mjomba wa Mwajuma aje aangalie kwa niaba ya mabukwe. Kesho yake nilikuwa na arusi ya kupiga Kinindo, kazi yangu kubwa ya kwanza. Nikaondoka asubuhi, nikaacha chumba bila kufuli.

Mabukwe hakuwa mtu wa kungoja mjomba. Nilipokwenda tu, alimtuma Mwajuma soko la mbali, akaingia kwenye chumba changu, akavuta kitambaa kilichofunika chini ya meza ambapo naweka chupa, akajikunyata huko. Akavuta mlango. Akakaa gizani akisubiri mume wa mtoto wake aje na huyo mwanamke. Alikuwa na subira yule mama. Alikaa mpaka adhuhuri ikapita.

Nikarudi mchana, jua kichwani, filamu ya arusi kwenye mfuko wa shati. Niliingia haraka kwa sababu Bwana Arusi alitaka picha kesho yake. Nikafunga komeo. Kutoka kwenye jua lile sikuona chochote, hata pua yangu. Nikavua shati, nikavua suruali, nikatundika palepale msumarini. Nikashika gurudumu, nikafungua filamu, nikaivuta ncha yake. Na kwa sababu ilikuwa filamu ya kazi kubwa, niliibembeleza kuliko siku zote.

“Njoo mpenzi,” nikasema. “Ingia polepole. Usione haya, hakuna mtu. Tuko wawili tu.”

Chini ya meza chupa zikagongana.

“Ya Rabi,” sauti ikasema, “muko wangapi humu?”

Niliijua sauti ile. Ilikuwa ni sauti iliyozoea kuongea na mbuzi wangu. Nikasikia anatoka chini ya meza, anapapasa ukuta, anamtafuta huyo mpenzi. Alishika kamba ya kuanikia picha, akashika bidoni, yaani dumu, la maji, akashika mashine ya kukuza akaing’ang’ania akidhani amekamata mtu. Kisha akaelekea mlangoni.

“Mama, naomba usifungule mulango,” nikasema.

“Iko wapi huyo mwanamuke?”

“Apana mwanamuke, mama. Kuko filamu tu. Ukifungula inakufa.”

Alisimama. Nikamweleza, huku filamu nusu iko ndani nusu iko nje, kwamba hii ni arusi nzima ya watu wa Kinindo, na niliyekuwa namwita mpenzi ni hii plastiki. Aliniuliza ni nani alinifundisha kuita plastiki mpenzi. Nikasema ni Patron. Akauliza kama Patron ana akili nzuri. Kisha akauliza ile kwa nini niliyokuwa naikimbia.

“Na juu ya nini sauti yako inatoka mbali vile?”

“Nimegeukia ukuta, mama.”

“Juu ya nini?”

“Juu ya joto.”

Nikasikia anajibanza kwenye kona ya mlango, nikajua ameelewa. Nguo zangu zilikuwa karibu na bega lake, kwenye msumari ule. Mimi nisingeweza kuzifuata bila kumkaribia, na mikono yangu ilikuwa na filamu. Tukabaki hivyo, mimi nimempa mgongo, yeye kwenye kona ya mlango, mpaka filamu ikaisha kuingia. Vijana, niliiingiza. Kwa hofu ile, kwa jasho lile, iliingia yote bila kukunjika. Nikafunga kopo la dawa, nikasema sasa hata mwanga ukija hakuna neno, ila naomba nguo zangu, ziko nyuma yako. Akazirusha. Shati lilinipiga kisogoni. Suruali ilitua kwenye beseni, na kwa kidole gumba nikajua ni la alama mbili, yaani dawa ya kukaza. Nikaivaa hivyo hivyo, inachuruzika, inanuka siki.

Mlango ukafunguliwa, na hapo uani ndipo nilipoona dunia ikinifikia mwisho. Mama Swedi alikuwa amesikia makelele, akaja, akaja na wenzake wa kisimani. Mwajuma naye alikuwa amerudi na kikapu cha sokoni. Wote wakatuona tunatoka kwenye chumba chenye komeo, mimi na mabukwe wangu, mimi shati nimefunga vifungo visivyolingana na suruali inadondosha maji. Mpaka hapo uvumi ulikuwa juu ya msichana. Sasa ulikuwa umepata kitu kikubwa zaidi. Mama Swedi aliweka mkono mdomoni, na macho yake, Mungu anisamehe, yalikuwa na furaha.

Mwajuma alinitazama, akamtazama mama yake, akaweka kikapu chini. Nilijua anasubiri neno moja tu. Kama mama yake angesema nimeona, begi lile lingejaa kabla ya alasiri. Na mimi nisingeweza kuuliza kitu, kwa sababu tayari tulikuwa kwenye mwanga, na kwenye mwanga mimi na mabukwe hatukuwa tunaongea.

Akajitengeneza mtandio wake taratibu, akawageukia wale wanawake.

“Wallahi kile chumba kiko giza,” akasema. “Sikuona hata mukono yangu. Mwenye hasadiki, aingie.”

Basi wakaingia. Mama Swedi wa kwanza, wengine nyuma, wakajazana humo wakavuta mlango. Tulisikia kicheko, mtu amekanyagwa, mtu amefinywa. Walipotoka, wote wakakubali kwa kinywa kimoja kwamba ni giza la kaburini, hata ukitiwa kidole jichoni hukioni. Mmoja aliomba arudi tena kwa sababu hakuwahi kuona giza la namna ile. Kuanzia siku hiyo uvumi ulikatika. Mabukwe alikuwa amekula kiapo, na wanawake wa kisima chote walikuwa mashahidi.

Kesho yake alirudi Rumonge na begi lake tupu. Nililala usingizi mzito, nikamwambia Mwajuma kwamba nilivyohangaika na lami na shambreri hakuna aliyenielewa, lakini leo giza langu limenisitiri. Nilijisifu, vijana. Nilijisifu kwa mafundi gereji, nilijisifu kwa Patron. Patron aliniuliza kama nilipima giza hilo vizuri. Nikamwambia limepimwa na wanawake wote wa mtaa.

Mabukwe alizoea kuja kututembelea. Uani mambo yalikuwa yaleyale, macho chini, maneno kupitia kwa watoto au mbuzi. Lakini siku moja nikiwa nachapisha picha, nikasikia anagonga mlango kwa kucha. Alisimama mlangoni akasema neno moja, “Zima.” Nikazima taa nyekundu. Akaingia, akavuta mlango, akakaa juu ya bidoni, na kwenye giza akaanza kunisema kama mtoto wake. Kwamba Mwajuma anaogopa radi, mvua ikinyesha nisimwache peke yake. Kwamba nimekonda. Kwamba mtoto wetu wa pili anatembea miguu nje, nimkande. Alipomaliza akatoka. Baada ya hapo, kila akiwa na neno zito, ilikuwa hivyo: kucha mlangoni, na “Zima.” Sikuwahi kuwa na mtu aliyenishauri vizuri kuliko yeye, na sikuwahi kujua akiongea anakaaje uso.

Miaka ikaenda, akajaliwa safari ya Makka. Picha ya pasipoti ilitutesa, kwa sababu inataka mtu atazame kamera, na nyuma ya kamera yuko mkwe. Kila nilipobonyeza alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Mwishowe niliandaa kila kitu, nikaenda kusimama nyuma ya nyumba, Mwajuma akabonyeza. Mnajua pia kwamba anayekwenda Hija huzunguka kwanza kwa watu wake akiomba msamaha, asije akabeba deni la mtu mpaka mbele ya Al-Kaaba. Alizunguka Buyenzi nzima. Alimwomba msamaha hata Mama Swedi, ambaye ndiye alipaswa kuomba. Mimi alinibakiza mwisho.

Kucha mlangoni. “Zima.”

Nikazima. Akakaa kwenye bidoni lake. Nikasikia anahesabu tasbihi, akaizungusha yote mpaka mwisho.

“Mukwe,” akasema, “mi niliapa uongo. Ile siku niliona.”

Nikadhani amechanganyikiwa na uzee. Nikamwambia, mama, kile chumba kilikuwa giza, watu wote waliingia.

“Wao walitoka mu jua. Mi nilikuwa mule tangu asubuhi, macho ikazoea. Kule juu, pembeni ya bati, kuko mwanga inaingia. Kidogo tu. Inatosha.”

Nikauliza inatosha kuona nini.

“Inatosha kuona ile kaputura ulishonewa mu kitenge nilimupa Mwajuma ya arusi.”

Vijana, nilikuwa na kaputura hiyo. Mwajuma aliishona kwa mabaki ya kitenge, kina ndege wa bluu, mkia wa mmoja unapita hapa mbele. Nilishukuru Mungu kwamba taa imezimwa. Halafu fundi aliye ndani yangu akaamka, nikainua macho kutazama kule juu, na kwa kuwa tulikuwa tumekaa gizani muda mrefu, nikauona. Mstari mwembamba wa mwanga, pale bati linapokutana na ukuta, mahali ambapo miaka yote sikupaka lami. Filamu zangu zilikuwa na ukungu kidogo pembeni na siku zote nililaumu joto. Msije mkapima giza lenu kwa kuingia na kutoka. Kaeni ndani, zungumzeni mpaka hadithi ziwaishie, ndipo mtaona linapovuja.

Nikamuuliza, “Sasa juu ya nini uliapa, mama?”

“Ningesema niliona, ilikuwa lazima nimubebe mutoto yangu,” akasema. “Na niliona nini? Niliona mwanaume iko peke yake, anajua hakuna mutu anamuona, anabembeleza kakitu ka plastiki kwa sauti ya chini. Baba yake na Mwajuma hakuniongeleshaka vile hata siku moja. Nikasema, mutoto yangu abaki hapa.”

Akaniambia kafara ya kiapo chake ameshaitoa, maskini wameshakula, imebaki mimi tu nimsamehe. Nikasema nimekusamehe, mama, na wewe unisamehe. Machozi yalinitoka, nikayaacha yashuke bila sauti, kwa sababu nilijua gizani mwanamume haonekani akilia. Nilipoinua uso nikaona umbo la mtandio wake, kisha paji la uso, kisha macho. Alikuwa ananitazama. Kwa mara ya kwanza tangu nimwoe mtoto wake, alikuwa ananitazama usoni, na mimi nikasahau kuinamisha macho.

“Upanguse machozi, mukwe,” akasema. “Naona.”